Majaribio ya brauza yanakwama kwenye msimbo wa tarakimu sita: nyinyi mnapitaje?

#1 Testa_wa_Lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu bandugu. Naomba muongozo, maana hapa biro vichwa vinauma.

Tuna mfumo wa mtandaoni wa mawakala wa forodha. Wakala anaingia, anapakia karatasi za lori linaloelekea Kasumbalesa, analipia, anashusha risiti. Majaribio yetu tumeyaandika kwa Playwright, chombo kinachoendesha brauza chenyewe, yanajiendesha usiku wakati intaneti ni nyepesi. Asubuhi mtu anafika, anasoma ripoti, anajua kama jana tumevunja kitu.

Sasa wakubwa wamewasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila akaunti. Nenosiri kwanza, halafu msimbo wa tarakimu sita kutoka kwenye programu ya simu. Asiye na simu janja anatumiwa meseji. Sikatai, ni jambo jema, zile karatasi ni feza ya watu. Lakini tangu hapo ripoti ni nyekundu kama udongo wa Katanga. Kila jaribio linafika kwenye kisanduku cha msimbo, linasubiri, muda unaisha, linakufa.

Mukubwa mmoja anasema tuweke msimbo wa kudumu, 000000, ambao seva itaukubali daima. Mwingine anasema tufunge simu ya biro kwenye kompyuta kwa waya, skripti iwe inasoma meseji. Zote mbili hazinikai moyoni. Nyinyi mnapitaje?

#2 kamalondo_bit (Lubumbashi)

Sisi tulizima hatua ya pili kwenye seva ya majaribio. Basi. Usijitafutie kazi yaya.

#3 Mlinzi_wa_Geti (Dar es Salaam)

Mkuu, hiyo 000000 ikatae hata kama aliyeileta ndiye anayesaini mshahara wako. Shida yake si kwamba haifanyi kazi, shida ni kwamba inafanya kazi mno. Leo iko kwenye seva ya majaribio peke yake. Kesho mtu anafungua seva mpya ya wateja, ana haraka, ananakili faili la mipangilio kutoka ile ya majaribio, na sasa kila akaunti ya wakala inafunguka kwa nenosiri na sifuri sita. Hakuna kengele itakayolia, maana kwa seva hiyo ni msimbo halali.

Kama imeshawekwa, angalau andikeni jaribio moja linaloelekezwa kwenye seva ya wateja na kuhakikisha 000000 inakataliwa pale. Lipite kila mnapopandisha toleo jipya.

Kwa #2: kuzima kwenye seva ya majaribio si dhambi. Hata nyaraka za Selenium (chombo kingine cha kuendesha brauza) zimeiweka hatua ya pili kwenye orodha ya mambo wasiyoshauri kuyaendesha kwa roboti, na wanataja njia hizo hizo: izime kwa watumiaji fulani wa majaribio, au kwa mazingira yote ya majaribio, au kwa anwani fulani za IP. Ila ujue umelipa nini. Ukurasa wa msimbo hakuna anayeugusa mpaka mteja auguse. Siku ukivunjika, taarifa inakuja kwa simu ya mtu mwenye lori lililosimama.

#4 kamalondo_bit

Tuko watu wachache mukubwa. Ukurasa wa msimbo tunaupima kwa mkono kabla ya kupandisha. Tunapona.

#5 Dada_Sesheni (Mombasa)

Testa, ndugu yangu, simu usiiogope, haina kitu ambacho kompyuta yako haina. Ule msimbo unatengenezwa na vitu viwili tu: siri na saa.

Siri ndiyo ile iliyofichwa kwenye picha ya mraba (QR) ambayo wakala anaipiga kwa kamera siku ya kwanza. Ukiifungua ile picha ni maandishi ya kawaida yanayoanza na `otpauth://totp/`, na ndani yake kuna `secret=` ikifuatiwa na herufi na namba za base32 (namna ya kuandika siri kwa herufi kubwa na tarakimu chache). Hiyo siri inabaki kwa seva na kwa simu. Halafu kila upande unahesabu ni vipande vingapi vya sekunde 30 vimepita tangu tarehe 1 Januari 1970 saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), unaipitisha hesabu hiyo pamoja na siri kwenye kanuni ya hesabu iitwayo HMAC-SHA-1, na mwisho zinabaki tarakimu sita. Utaratibu huo unaitwa TOTP, umeandikwa kwenye RFC 6238 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya mwaka 2011, ambayo nayo imesimama juu ya RFC 4226 ya 2005. Hakuna intaneti inayohitajika hapo, ndiyo maana programu ya simu inatoa msimbo hata ukiwa porini bila mtandao.

Kwa hiyo fungua akaunti ya majaribio, siku ya kuisajili usipige picha tu, bonyeza pale panapoandikwa kwamba huwezi kusoma picha, utapewa siri kwa maandishi. Itunze. JavaScript ina otplib, Python ina pyotp, na kwenye terminali kuna oathtool. Jaribio lako linajaza nenosiri, linatengeneza msimbo wake lenyewe, linaujaza, linaingia. Hiyo si kuchezea ulinzi. Umeingia kama mtumiaji halali mwenye siri yake, na seva haijabadilishwa hata mstari mmoja.

Jambo la pili, na kwangu hili ndilo kubwa: kwa nini kila jaribio liingie upya? Jaribio la kushusha risiti linataka kujua habari za risiti, za mlango hazilihusu. Playwright inakuruhusu kuingia mara moja mwanzoni, ukahifadhi hali ya sesheni (yaani ya mtu aliyekwisha kuingia) kwa `storageState` kwenye faili, na majaribio mengine yote yakaanza yakiwa tayari ndani. Wa Cypress, chombo kingine cha namna hiyo, wana `cy.session()`. Majaribio machache, yaliyoandikwa kwa makini, yagonge mlango wenyewe; yaliyobaki yasiujue kabisa.

Angalizo: `storageState` inachukua kuki na `localStorage`, sehemu mbili ambazo brauza inahifadhia kumbukumbu za tovuti. Kama mfumo wenu unaweka tokeni (kitambulisho cha aliyeingia) kwenye `sessionStorage`, hutaikuta humo, itabidi uihamishe kwa mkono. Na hilo faili ni sawa na mtu aliyeingia tayari, lisiende Git, kwenye hifadhi ya programu mnayoshirikiana.

#6 Testa_wa_Lushi

Aksanti sana dada. Nimefanya vile ulisema. Msimbo unatoka, tarakimu sita safi kabisa, seva inasema "msimbo si sahihi". Siri ile ile nimeiweka kwenye simu yangu: simu inaingia. Nikiweka simu kando ya kompyuta, misimbo haifanani hata dakika moja.

#7 kamalondo_bit

Angalia nafasi tupu kwenye siri. Kurasa nyingine zinaiandika kwa makundi ya herufi nne nne ili isomeke.

#8 Mzee_Katuba (Lubumbashi)

Kijana, usianze kubahatisha. Gawanya tatizo. Ama hesabu ni mbovu, ama siri si yenyewe, ama saa si yenyewe. Hesabu inapimika bila kumuuliza mtu, maana RFC yenyewe ina mifano mwishoni. Siri ya mfano kwa base32 ni `GEZDGNBVGY3TQOJQGEZDGNBVGY3TQOJQ`. Muda ukiwa sekunde 59 tangu mwaka 1970, jibu la tarakimu nane ni 94287082, na la tarakimu sita ni 287082. Endesha hii:

`oathtool --totp -b --now "1970-01-01 00:00:59 UTC" GEZDGNBVGY3TQOJQGEZDGNBVGY3TQOJQ`

Kisha ilazimishe maktaba yako ya JavaScript itumie muda huo huo. Rudi na jibu.

#9 Testa_wa_Lushi

Papa, zote mbili 287082. Nafasi tupu nimeziondoa pia, hakuna kilichobadilika.

#10 Mzee_Katuba

Basi hesabu ni nzima. Siri ni ile ile iliyo kwenye simu. Imebaki saa. Usiangalie saa iliyo pembeni ya kioo, hiyo inakuonyesha inachotaka. Andika `date -u`, na papo hapo iulize seva yenu `curl -sI` na anwani yake, kisha tazama mstari wa `Date`. Vyote viwili ni saa za UTC, vinatakiwa kufanana.

Na nina swali: hiyo kompyuta ya kuendeshea majaribio ilitoka wapi?

#11 Testa_wa_Lushi

Muzee umejuaje!! Kompyuta inasema saa moja mbele ya seva. Saa moja kamili na sekunde kidogo. Ilitoka biro ya Kinshasa.

#12 Mzee_Katuba

Nimejua kwa sababu nimeshazitengeneza nyingi za namna hiyo katika mji huu.

Nchi yetu ina majira mawili. Kinshasa iko UTC+1, sisi wa Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, tuko UTC+2. Kompyuta inapofika kutoka Kinshasa, ukanda wake umeandikwa `Africa/Kinshasa`. Mtu wa biro anaona saa iko nyuma, hana habari za kanda, anafungua mipangilio anasukuma saa mbele. Kwenye kioo sasa ni saa ya Lubumbashi, kila mtu anafurahi. Lakini kompyuta bado inaamini iko Kinshasa, hivyo inatoa saa moja tu kupata UTC badala ya mbili. UTC yake imekwenda mbele kwa sekunde 3600. Gawanya kwa 30: uko vipande 120 mbele ya seva. RFC inashauri seva ivumilie kipande kimoja tu kwa ajili ya ucheleweshaji wa mtandao. Vipande 120 haivumilii seva yoyote yenye akili.

Na usishangae kwamba hakuna aliyegundua. Kurasa zinafunguka, vyeti vya HTTPS vina uhai wa wiki na miezi, saa moja haivisumbui. Ni msimbo wa sekunde 30 peke yake unaokuumbua.

Dawa: `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`, halafu `timedatectl set-ntp true`, kisha `timedatectl` tupu uone kama imeandika kwamba saa imelinganishwa. Kama haijalinganishwa baada ya muda, muulize anayesimamia mtandao wa biro kama ameziba mlango wa UDP namba 123, ndipo inapopita NTP, ile njia ya kulinganisha saa kwa mtandao. Na kama ni kompyuta ya mezani ya zamani, badilisha ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama. Umeme unapokatika na betri imekufa, inaamka ikiwa mwaka mwingine kabisa.

#13 Bukavu_Bit (Bukavu)

Kumbe ile saa moja ya Kinshasa inafika hadi kwenye HMAC 😂😂

Swali kwa wataalamu: Playwright ina `page.clock`, unaweza kudanganya saa. Asingeweza kurudisha saa moja nyuma na kuendelea na kazi?

#14 Dada_Sesheni

`page.clock` inadanganya ukurasa ulio ndani ya brauza tu. Msimbo unatengenezwa kwenye Node, inayoendesha skripti yako nje ya ukurasa, na kuhakikiwa kwenye seva. Hao wawili hawasikii uongo wako. Ina faida yake mahali pengine, kwa mfano ukitaka kuona kama ukurasa unamtoa mtu baada ya kukaa kimya muda mrefu.

#15 Testa_wa_Lushi

Imeingia!!! Aksanti muzee, bukari iko juu yangu.

Lakini ngoja. Nikiendesha moja moja, yote kijani. Nikiyaachia yaende manne kwa pamoja, moja linapita na mengine yanaambiwa msimbo si sahihi. Nikiyarudia, pengine yanapita, pengine hapana. Saa sasa iko sawa, nimehakikisha kwa `Date`.

#16 Dada_Sesheni

Hapo seva yenu inafanya kazi yake, ipongeze. RFC 6238 inakataza msimbo uliokwisha kukubaliwa kukubaliwa tena. Wafanyakazi wako wanne (ndivyo Playwright inavyoyaita yanayokwenda kwa pamoja) wanatumia akaunti moja, wameamka ndani ya sekunde 30 zile zile, kwa hiyo wana msimbo mmoja. Wa kwanza kufika anautumia, wengine wanakuta umeshaliwa.

Wape kila mmoja akaunti yake na siri yake. Playwright inakupa `parallelIndex`, kwa hiyo mfanyakazi 0 anachukua akaunti ya kwanza, 1 ya pili, na kuendelea. Kila mmoja anaingia mara moja, anahifadhi sesheni yake, anaendelea na kazi.

Halafu kabla ya kutengeneza msimbo, angalia sekunde ngapi zimebaki: 30 toa baki la sekunde za sasa ukizigawa kwa 30. Zikiwa chini ya 5, subiri kipande kipya kianze. Hapo Lubumbashi mstari ukiwa mzito, msimbo uliotengenezwa sekunde ya 29 unaweza kufika seva ikiwa imeshahama kipande. Seva nyingi zitauvumilia, lakini kwa nini ucheze bahati nasibu kila usiku?

Na tafadhali usitibu hili kwa kuwasha `retries` (kurudia lililofeli) tu. Ukirudia ndani ya kipande kile kile unatuma msimbo ule ule uliokataliwa. Mara kadhaa hivyo, akaunti inafungwa, na asubuhi unakuta wekundu ambao hauhusiani na chochote.

#17 kamalondo_bit

Au mwambie mtu wa seva aruhusu msimbo kutumika mara mbili kwenye mazingira ya majaribio. Mstari mmoja wa mipangilio, mmemaliza.

#18 Mlinzi_wa_Geti

Kamalondo, wewe una ugomvi na mlango 😄 Kinyume chake mkuu: hilo lililomsumbua ndilo jaribio zuri la kwanza. Ingia kwa msimbo, toka, jaribu tena kwa msimbo ule ule ndani ya kipande kile kile. Ukikubaliwa, mfumo una tundu.

Testa, kwa kuwa sasa umewatoa wengine wote mlangoni, una nafasi ya kuupima mlango sawasawa. Msimbo wa uongo ukataliwe. Msimbo wa dakika kumi zilizopita ukataliwe. Huo unautengeneza kirahisi kwa kumpa otplib muda wa nyuma. Ukikosea mfululizo, seva ikupunguzie mwendo au ikufunge kwa muda, maana tarakimu sita ni uwezekano milioni moja tu, na seva inayovumilia kipande kimoja mbele na kimoja nyuma inakubali misimbo mitatu kwa wakati mmoja. Bila breki, roboti itaupata. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-63B, imeweka kikomo kisichozidi makosa 100 mfululizo kwa akaunti moja, na mifumo mingi huweka chini sana ya hapo. Misimbo ya dharura, ile ya kuandika kwenye karatasi, kila mmoja ufe ukishatumika.

Lakini lililo juu ya yote, na watu hawalipimi, ni nafasi iliyo kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Mtu ameshaweka nenosiri sahihi, hajaweka msimbo. Seva imempa kuki. Hiyo kuki inafungua nini? Simamisha jaribio hapo hapo, kisha liombe kurasa za ndani moja moja kwa anwani yake: orodha ya malori, risiti, wasifu, na hasa zile anwani za API (zinazoitwa na programu, si na mtu) ambazo ukurasa wa msimbo wenyewe hauzionyeshi. Zote zirudishe kwenye msimbo au zikatae. Pia tazama kama kitambulisho cha sesheni kinabadilika baada ya hatua ya pili. Kikibaki kile kile, mpelekee aliyeandika mfumo.

#19 Testa_wa_Lushi

Hii nitaifanya kesho asubuhi. Na wale wa meseji? Mawakala wengi wa Kasumbalesa wana simu za vibonye, na mtu mmoja ana laini mbili tatu.

#20 Bukavu_Bit

Hapa niachieni mimi, nimekula chumvi ya meseji.

Ile ya simu kufungwa kwa waya, achana nayo. Itafanya kazi siku ya maonyesho. Baada ya hapo uniti zinaisha, au betri inavimba, au mtu anachomoa waya achaji simu yake, au meseji inafika mtumiaji akiwa ameshaondoka. Kila usiku unapima mtandao wa simu, ambao si wako na huwezi kuurekebisha.

Fanya hivi. Ndani ya mfumo wenu kuna sehemu inayokabidhi meseji kwa kampuni ya kutuma. Kwenye seva ya majaribio weka mtumaji wa bandia mahali pale: anapokea namba na maandishi, anayaweka kwenye jedwali, hatumi popote. Jaribio linaingia na nenosiri, linauliza jedwali meseji ya mwisho ya namba ile, linachomoa tarakimu sita, linaendelea. Angalia tofauti na 000000: msimbo ni wa kweli, umetengenezwa na seva, unaisha muda, unatumika mara moja. Kilichobadilika ni nani ameubeba. Wa barua pepe wafanye vile vile kwa Mailpit, inapokea barua zote kwenye kompyuta yako na ina API ya kuzisoma.

Makosa mawili nimeyaona sana. La kwanza, kusoma "meseji ya mwisho" bila kuangalia imeandikwa saa ngapi, unaokota ya jaribio lililopita. Chukua muda kabla ya kubonyeza, kisha tafuta iliyo baada ya hapo. La pili, kuweka `sleep` ya sekunde kumi. Uliza kila nusu sekunde mpaka ipatikane au muda uishe.

Kutuma meseji ya kweli, pima mara moja moja, kwa laini ya kila kampuni mnayoitumia, na mtu akiwa ameishika simu. Kasumbalesa kuna na la ziada: simu iliyo mpakani inaweza kushika mtandao wa upande wa Zambia. Hilo roboti halitakuambia, mtumeni mtu.

#21 Mlinzi_wa_Geti

Nyongeza fupi: meseji ndiyo hatua dhaifu ya pili. NIST waliiweka kwenye kundi la njia zenye masharti tangu 2017, kwa sababu namba inaweza kuhamishiwa laini nyingine bila mwenyewe kujua. Kwa simu za vibonye hamna ujanja, lakini wenye simu janja msiwaache kwenye meseji.

#22 mwanafunzi_unilu (Lubumbashi)

Samahani kuingilia wakubwa zangu. Mimi kazi yangu ya shule inatumia kitufe cha kuingia kwa Google. Nimeweka akaunti yangu na siri ya TOTP kwenye Selenium, Google inasema brauza hii huenda si salama. Napitaje?

#23 Dada_Sesheni

Hupiti mdogo wangu, na usitafute njia. Google inazuia brauza zinazoendeshwa na programu makusudi, na ukibahatika leo, kesho akaunti yako inafungwa. Isitoshe ukurasa ule si wako, ukiupima unawapimia wao.

Kilicho chako ni kinachotokea mtumiaji anaporudi na tokeni. Weka Keycloak, seva ya kuingizia watumiaji, kwenye kompyuta yako, inazungumza OpenID Connect ile ile ya Google, iwekee mtumiaji mwenye TOTP, uelekeze mfumo wako kwake wakati wa majaribio. Utapima mzunguko wote bila kumsumbua mtu.

#24 mwanafunzi_unilu

Aksanti dada. Na ule ufunguo wa kidole, wa WebAuthn? Roboti haina kidole.

#25 Mzee_Katuba

Inapewa cha bandia. Kwenye Chrome na ndugu zake unafungua mlango wa DevTools (zana za ndani za brauza), unawasha `WebAuthn.enable`, kisha `WebAuthn.addVirtualAuthenticator`. Brauza inajiona ina kifaa cha kuthibitisha, kinatengeneza jozi ya funguo, kinasaini, hakuna anayegusa kitu. Selenium 4 nayo ina amri zake za kifaa bandia. Kwa Playwright njia hiyo ya DevTools ni ya Chromium pekee.

Litakalokukwamisha ni kwingine. Najua vijana wa hapa mnavyopima: intaneti ikikatika mnafungua seva kwenye laptopu ya mwenzenu kwa `http://192.168.` fulani. WebAuthn itakataa. Inataka HTTPS, au `localhost`, na ufunguo unafungwa kwenye jina la kikoa, si namba ya IP. Pimia kwenye `localhost` ya mashine ile ile.

#26 Mlinzi_wa_Geti

Kabla uzi haujalala, siri mnaziweka wapi? Siri ya TOTP ni nzito kuliko nenosiri, maana aliyenayo anatengeneza misimbo ya miaka yote ijayo. Iwe kwenye hifadhi ya siri ya seva inayoendesha majaribio, isionekane kwenye msimbo wa programu wala kwenye kumbukumbu zinazochapishwa. Na wa Playwright mtazame `trace` (rekodi ya kila hatua), picha na video. Jaribio la kusajili hatua ya pili likifeli, `trace` inahifadhi ukurasa mzima pamoja na ile picha ya mraba. Halafu faili linapakiwa kama kiambatisho cha ripoti ambacho kila mtu wa kampuni anaweza kulishusha. Kwa jaribio hilo moja, zima `trace` au futa akaunti mara tu linapomalizika.

#27 Testa_wa_Lushi

Bandugu nimerudi. Usiku yote yalikimbia, manne manne, kila mmoja na akaunti yake. Kijani.

Halafu asubuhi nimeandika lile la Mlinzi, la katikati ya hatua mbili. Nenosiri sahihi, bila msimbo, ninaziomba kurasa moja moja. Orodha ya malori: inanirudisha kwenye msimbo. Wasifu: inanirudisha. Risiti ya PDF: IMEFUNGUKA. Jina la kampuni, namba ya lori, kiasi kilicholipwa, yote. Ukurasa wa risiti umelindwa, lakini anwani inayoshusha PDF yenyewe inaangalia tu kama kuki ipo.

#28 kamalondo_bit

Eeeh.

Sisi pia tuna PDF. Ngoja nikaangalie.

#29 Mlinzi_wa_Geti

Testa, usiwaambie wazibe anwani hiyo moja tu, mwezi ujao itaongezwa nyingine ya Excel. Ukaguzi wa "amemaliza hatua zote mbili" ukae mahali pamoja ambapo kila ombi linapita, na anwani zinazoruhusiwa kabla ya msimbo ziorodheshwe kwa jina: ukurasa wa msimbo, kutuma upya, kutoka. Nyingine zote zikatae zenyewe. Kisha jaribio lako lisiwe na orodha ya kurasa ulizoandika kwa mkono, lichukue anwani zote kutoka kwenye mfumo wenyewe.

#30 Testa_wa_Lushi

Sawa mukubwa. Mwandishi wa seva amekaa kando yangu hapa anasoma huu uzi, amenyamaza. Anasema anwani zote anaweza kuzitoa kwa faili la OpenAPI, linaloorodhesha anwani za mfumo. Tunaanza na hilo.

#31 kamalondo_bit

Zetu ni mbili zinafunguka. Dada Sesheni, ile hesabu ya sekunde zilizobaki iandike tena, naanza leo.